Nyumba Iliyozibwa Matundu

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia Lubumbashi, kuta za nyumba ya Delphine zilianza kulowa. Aligundua asubuhi moja alipokuwa akimwamsha binti yake Exaucée aende shule. Aliegemea ukuta ulio juu ya kitanda cha mtoto, na kiganja kikaondoka na maji. Kwanza alidhani mtoto amemwaga kitu. Akanusa. Haikuwa chai, haikuwa mkojo. Ilikuwa harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Akainua macho kwenye dari. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne. Bati halikuwa na kosa.

"Papa Exau!" alimwita mumewe. "Kuya uone. Ukuta iko na mayi."

Ruphin alikuja akifunga vifungo vya shati. Hakuutazama ukuta. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapapasa pembe zote za plastiki aliyoipigilia misumari, akahakikisha haijalegea.

"Dirisha iko sawa," akasema. "Hakuna muntu alifika hapa."

"Miye sikukuuliza juu ya bantu. Niko nakuonyesha mayi."

"Ni baridi tu, Mama Exau. Itakauka."

Akatoka. Delphine alifuta ukuta kwa kitambaa, na kesho yake akaukuta umelowa tena.

Nyumba yao ilikuwa upande wa Karavia, kwenye kijia cha udongo mwekundu, na zamani haikuwa hivyo. Zamani upepo uliingia mbele ukatokea nyuma. Lakini mwaka uliopita, kabla mvua hazijaanza, majambazi waliwaingilia. Walibomoa tofali za matundu zilizokuwa ukutani mwa korido, zile za kupitisha hewa, wakapenya mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na bunduki. Walimlaza Ruphin kifudifudi kwenye sementi, mmoja akamkanyaga shingoni kwa kiatu, na Delphine akalazimishwa kuwaonyesha kila kabati huku mtoto akilia. Walipokwisha kubeba walivyovitaka, waliondoka wakicheka. Hakuna aliyeuawa. Majirani walisema Mungu ni mkubwa, na Ruphin akaitikia amina kama wengine.

Tangu siku ile hakulitaja jambo lile hata mara moja. Mchungaji alipoanza kuligusa, Ruphin alisimama akaenda kutafuta maji ya kunywa. Badala ya kusema, alijenga. Aliyaziba matundu yote kwa sementi. Mlango wa mbele aliuchomelea kwa chuma, ukawa ukuta kama kuta nyingine. Madirisha aliyawekea nondo, nje ya nondo akaweka bati, ndani akapigilia plastiki. Ukabaki mlango mmoja tu, wa jikoni, wenye makomeo mawili ya chuma, moja juu na moja chini karibu na sakafu. Mapishi yaliyokuwa yakifanyika nje barazani yakahamia ndani. Nguo zikaanikwa kwenye kamba koridoni, maana nguo za nje, alisema Ruphin, zinawaambia wezi nani yuko nyumbani na nani hayupo.

Delphine hakumpinga. Alikuwa ameolewa naye miaka mingi ya kutosha kujua kwamba hofu ile haikuanza na majambazi. Ruphin alizaliwa Likasi, katika familia iliyotoka Kasai, na alikuwa mtoto mdogo wakati watu wa kwao walipofukuzwa kwa sababu ya asili yao na wakalala stesheni ya treni pamoja na masanduku yao, wakingoja. Alikumbuka, aliwahi kumwambia, jinsi baba yake alivyofunga mlango wa nyumba kwa ufunguo kabla ya kuondoka, na jinsi walivyousikia ukivunjwa kabla hawajafika mwisho wa barabara. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje afungue dirisha?

Basi alifuta kuta. Alifuta asubuhi na jioni. Baada ya majuma machache yakatokea madoa meusi nyuma ya kabati, madogo kama punje za pilipili manga, yakaenea mpaka kwenye pembe za dari. Alisugua kwa javel, dawa ya kung'arisha nguo, mpaka macho yakamwasha. Madoa yakafifia, kisha yakarudi meusi zaidi. Ukungu ulipanda kwenye viatu vya kanisani, kwenye mkoba wake wa ngozi, kwenye mgongo wa Biblia. Vitambaa vya sare alivyokuwa akivishona kwa wateja vilinuka hata kabla hajavikata, akawa anavinyunyizia marashi na kuomba wasigundue.

Na Exaucée akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, kisichokwisha. Delphine alijifunza kukisikiliza. Akiwa kwenye cherehani alisimamisha mguu ili asikie kama kinakuja tena. Kikinyamaza aliogopa zaidi, akaenda chumbani kuangalia kama kifua cha mtoto kinapanda na kushuka. Muuguzi wa dispensari alimpa dawa ya maji, akamuuliza kama nyumbani kuna vumbi au moshi. Delphine alisema hapana. Hakusema lolote juu ya matundu. Aliona haya, kana kwamba angemshtaki mume wake mbele ya watu.

Mama Kalaba, jirani aliyelima mboga nyuma ya ua wa miti, hakuona haya. Wazee wake walikuwa wenyeji wa pale hata kabla ya barabara kuchongwa, na alisema alilotaka.

"Mama Exau, ile nyumba mulifanya kama kopo ya samaki," alimwambia siku moja akimpitishia fungu la mboga za lengalenga juu ya ua. "Munapikia ndani, munafulia ndani, munalala ndani. Ile mvuke yote inaenda wapi?"

Delphine alicheka kidogo, kwa adabu. Lakini swali lile aliingia nalo ndani. Siku hiyohiyo, akipika bukari, ugali wao wa kila siku, alifunua sufuria ya maji yaliyochemka akaona matone yamejipanga chini ya mfuniko, manene, yakitetemeka. Akainua kichwa. Dari ya jiko ilikuwa na matone yaleyale. Haikuwa bomba lililopasuka, wala bati, wala uchawi kama alivyonong'ona dada mmoja wa kwaya. Ulikuwa mvuke wa sufuria zao, na maji ya nguo zao, na pumzi zao wenyewe, vikigonga kuta za baridi na kukosa pa kutokea.

Jioni alimngoja Ruphin ale kwanza.

"Papa Exau, nilielewa ile mayi inatokaka wapi. Ni siye. Nyumba haipumue. Tungefungula hata matundu ya korido, tuweke wavu ya chuma..."

Ruphin aliacha kutafuna. Mkono wake ulipanda polepole ukashika shingo, nyuma, mahali pale.

"Unataka nibafungulie?" aliuliza.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Delphine aliutazama mkono ule shingoni. Akakusanya sahani.

Jumamosi iliyofuata Ruphin aliondoka mapema. Alikuwa akiuza buti na nguo za kazi kwa wafanyakazi wa migodi, na siku za Jumamosi alipeleka gari lake dogo hadi barabara ya Kinsevere. Kama kawaida alisimama nje ya mlango wa jikoni mpaka asikie makomeo.

"Ya juu?"

"Ya juu," alijibu Delphine kutoka ndani.

"Ya chini?"

Komeo la chini lilikuwa zito siku hizo. Maji yaliyoshuka mlangoni yalituama pale sakafuni, na chuma kilikuwa kimeota kutu. Delphine alilisukuma kwa kisigino mpaka likaingia kwa kishindo.

"Ya chini," akasema, na gari likaondoka.

Umeme haukuwepo. Godoro la Exaucée lilikuwa limelowa upande wote uliogusa ukuta, na mtoto alikuwa amekohoa mpaka alfajiri. Delphine aliwaza kwamba akiweza kukausha godoro na ukuta, hata kwa siku moja tu, kifua kitapata nafuu. Kule jikoni aliwasha mbabula, jiko lao la bati, akapepea makaa mpaka yakawa mekundu na moshi ukaisha. Hakuna moshi, hakuna madhara, alijiambia. Akaibeba mbabula mpaka chumbani kwa mtoto, akasimamisha godoro karibu nayo, akafunga mlango wa chumba ili joto lisipotee.

Joto lilikuwa zuri. Exaucée aliketi kwenye kigoda akimsuka mwanasesere wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alivua sweta. Godoro lilianza kufuka mvuke. Delphine alikaa sakafuni akishona kifungo, akiangalia unyevu wa ukuta ukirudi nyuma kidogo kidogo, akafurahi. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini hakuwa amelala vizuri.

"Mama," alisema Exaucée, "kichwa inaniuma."

"Itapita, mama. Utakunywa mayi."

Mtoto hakujibu. Delphine alipomtazama, mwanasesere alikuwa ameanguka, na Exaucée alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Kisha akatapika.

Delphine alitaka kusimama. Miguu haikumtii. Ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine, iliyojaa mchanga. Hapo ndipo alipokumbuka. Kila mwaka, msimu wa baridi, mjini husikika habari ya watu waliolala na mbabula ndani wasiamke. Kila mwaka yeye mwenyewe alisema, masikini, kwa nini hawakufungua dirisha?

Alimshika mtoto kwapani akamburuta. Akafungua mlango wa chumba, akapita chini ya nguo mbichi za koridoni zilizompiga usoni, akafika jikoni. Komeo la juu lilifunguka. La chini halikusogea. Alivuta kwa vidole vyote, akavuta kwa kitambaa, akapiga teke. Kutu ilikuwa imelishika kama meno. Kucha moja ilikatika na hakusikia maumivu.

"Exau! Usilale! Niangalie!"

Macho ya mtoto yalikuwa yanafumba.

Madirisha yalikuwa na nondo na bati. Mlango wa mbele ulikuwa chuma. Delphine alizunguka jikoni akitafuta hajui nini, na mkono wake ukakuta mchi wa kinu, ule wa kutwangia majani ya sombe. Akarudi koridoni. Alijua mahali. Ruphin alikuwa ameyaziba matundu kwa sementi, lakini alikuwa mwuza viatu, si mwashi, na sementi ile ilikuwa nyembamba. Delphine aliupiga mchi palepale walipopiga wezi. Akapiga tena. Alikuwa analia kwa sauti bila kujua. Kipande kikadondoka, kikafuata kingine, na mwanga mwembamba ukaingia, na nyuma ya mwanga ikaingia hewa, baridi, kavu, yenye harufu ya vumbi.

Alimwinua Exaucée, akamwekea uso kwenye tundu.

"Vuta! Vuta, mama. Tena."

Kisha akapiga kelele.

Mama Kalaba alikuwa tayari anakuja. Alikuwa amesikia ukuta ukivunjwa, akadhani majambazi wamerudi mchana kweupe, akaja na jembe lake huku akiita majirani kwa majina. Alipofika kwenye tundu akaona uso wa mtoto, mweupe midomoni.

"Mulango!" alisema Delphine. "Komeo ilikwama!"

Jirani yule hakuuliza la pili. Alikimbilia mlango wa jikoni, akapiga jembe kwenye ubao wa chini. Ubao ulikuwa umekunywa maji msimu mzima, ukavunjika kama muhogo uliooza. Akapiga mpaka tundu likatosha mtu kutambaa. Delphine alimsukuma mtoto kwanza, Mama Kalaba akamvuta kwa mikono, kisha Delphine akatoka naye, akaanguka kwenye udongo na kubaki hapo, shavu chini, akivuta hewa kama anayekunywa.

Walipelekwa dispensari kwa pikipiki, watatu na dereva wao. Muuguzi alimwekea Exaucée oksijeni, akamkalisha karibu na mlango. Muda ulikwenda taratibu sana. Delphine alikaa akihesabu pumzi za mtoto, akapotea, akaanza upya. Mwishowe Exaucée alifungua macho akauliza mwanasesere wake yuko wapi. Hapo Delphine akafunika uso kwa pindo la kikwembe alichojifunga.

Simu aliiacha ndani ya nyumba. Hakuwaza hata kidogo kwamba Ruphin angepiga, na asipojibiwa angerudi mbio.

Waliporudi mchana waliliona gari lake kijiani, mlango wake wazi, injini ikinguruma. Ruphin alikuwa amesimama ndani ya lupango, ua wa nyumba yao, hatua chache kutoka mlango uliovunjwa. Funguo zilikuwa mkononi. Hakuwa ameingia. Mama Kalaba alisema baadaye kwamba mtu anayeogopa kuingia kwake utamjua kwa mabega, na mabega ya Ruphin yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyebeba maiti. Alikuwa ameona ubao uliopasuliwa, ameona tundu la koridoni palepale, ameita mara nyingi na hakuna aliyemjibu.

"Papa!" alisema Exaucée.

Aligeuka. Aliwatazama kama hawafahamu. Kisha akaketi chini kwenye udongo na suruali yake nzuri, na mtoto akamwendea.

"Balikuya," alisema Ruphin. "Balirudia."

"Hakuna muntu alikuya," alisema Delphine. "Ni miye nilivunja."

Alimweleza yote, akiwa amesimama. Mbabula, godoro, komeo, mchi. Ruphin alisikiliza akimshika mtoto kwa nguvu mno, mpaka Exaucée akalalamika. Delphine alipomaliza, mumewe aliutazama mlango.

"Nitamwita muntu wa kuchomelea," alisema. "Leo hii. Tuweke chuma badala ya ubao. Tena komeo mupya, haiwezi kukwama..."

"Hapana."

"Mama Exau, usiku inakuya. Nyumba iko wazi."

"Hapana, Ruphin." Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Kama unafunga tena, miye na mutoto tutalala kwa Mama Kalaba. Leo na kesho na siku zote. Bale bezi balibeba televizyo. Hii nyumba ilikuwa inabeba mutoto wangu."

Mama Kalaba, kwa busara yake, alikumbuka maharagwe yake jikoni akaondoka.

Ruphin alikwaruza udongo kwa ufunguo.

"Hukuona uso yangu siku ile," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nalala chini. Nilisikia mutoto analia, nilisikia sauti yako, na sikuinuka. Nilisema moyoni, bakimaliza, bakienda tu. Muntu mwanaume. Nilibusu sementi."

"Ungeinuka, bangekuua."

"Najua. Bantu bote bananiambia vile." Akaukwaruza tena udongo. "Ile saa ya usiku ninaisikia kila siku. Nilifikiri nikifunga muzuri, itanyamaza."

"Ilinyamaza?"

Akatikisa kichwa.

Delphine akaketi karibu naye chini. Aliuweka mkono mmoja shingoni mwa mumewe, pale nyuma, mahali ambapo hakuwahi kupagusa tangu siku ile. Ruphin alishtuka, kisha akamwacha.

Usiku huo walilala wote kwa Mama Kalaba, kwenye mkeka, na Ruphin hakufumba macho. Lakini Jumatatu alikuja fundi Clément, akakata chuma cha mlango wa mbele, na cheche zikaruka mpaka barabarani. Matundu ya koridoni yalifunguliwa, yakawekewa nondo nene na wavu. Bati za madirisha ziliondolewa. Mwanga ulipoingia sebuleni wote waliona aibu: kuta zilikuwa nyeusi kutoka sakafuni hadi kifuani, na nyuma ya viti kulikuwa na ukungu wenye manyoya. Delphine alisugua siku nzima na barakoa usoni, na Ruphin, ambaye hakuwahi kushika ndoo, alimchotea maji. Mbabula ikarudi barazani. Nguo zikaanikwa nje, na Mama Kalaba akiwa shambani kwake alizitupia jicho, akimpigia kelele kila apitaye kijiani aseme jina lake na la baba yake.

Kuta hazikukauka kwa siku moja. Zilichukua mpaka mwezi wa nane, pepo za vumbi zilipoanza. Kikohozi cha Exaucée kilipungua, kikarudi, kikapungua tena. Hata sasa Delphine akikisikia, mguu wake unasimama juu ya cherehani. Hofu haikutoka kwa mkupuo, ilibadilisha sura. Zamani aliogopa kuta. Siku zile za kwanza za matundu wazi aliogopa kila sauti iliyoingia na upepo: mbwa, pikipiki, jani kavu likiburuta barazani. Alitambua kwamba sasa wako wawili wanaolala macho wazi, na hilo, ajabu, lilikuwa jepesi kuliko kumwacha mmoja peke yake.

Walinunua mbwa. Ni mwoga kuliko wote nyumbani, lakini anabweka vizuri.

Dirisha la chumba chao cha kulala bado wanalibishania. Delphine analitaka wazi upana wa mkono. Ruphin anasema vidole viwili vinatosha. Ruphin akilala kwanza, Delphine analisukuma. Ruphin akiamka kwanza, analirudisha. Asubuhi kila mmoja huenda kupapasa ukuta kwa kiganja, kisha huja kunywa chai.